Na Wengine Wasiotajika

Katika kisiwa cha Zabriko mtu hufa mara mbili. Mara ya kwanza hufa pale roho inapomtoka, kitandani au baharini, na hiyo ni habari ya waliomo nyumbani tu. Mara ya pili hufa saa sita mchana, redio ya mjini inaposoma matangazo ya vifo, na hapo ndipo anakuwa amekufa kweli. Saa hiyo hakuna afuaye nguo wala apaaye samaki. Mwenye duka huacha kupima sukari, mkono ukiwa bado hewani. Msomaji hutaja jina la marehemu, kisha lakabu yake, maana jina la ubatizo huko hulijua padri peke yake. Kisha umri na kijiji. Halafu unakuja msururu wa jamaa: mume wa fulani, baba wa fulani aliyeko Toronto, kaka wa fulani, mjomba wa fulani, mkwe, mlezi, rafiki wa karibu. Mwishoni husema: na wengine wengi wasiotajika kwa wingi wao. Watu huisikiliza orodha hiyo kuliko wanavyosikiliza misa, na wala si kwa ajili ya marehemu. Kila mmoja anajisikilizia mwenyewe.

Amelise aliujua uzito wa orodha hiyo kwa sababu ilishawahi kuivunja nyumba yake. Miaka kumi na minne nyuma mama yake Hilarion alifariki, na Hilarion, kwa kuwa ndiye mkubwa, akapanda boti kwenda mjini kuandikisha tangazo. Alikwenda na mdogo wake, Alban. Huyo Alban ndiye aliyemwuguza mama yao miaka sita, akimwogesha, akimlisha, akimbeba mgongoni kila Jumapili kwenda kanisani. Walipofika kwenye dirisha la redio mvua ilikuwa inanyesha. Hilarion akaanza kuwataja jamaa akihesabu kwa vidole: wa Toronto, wa London, wa Martinique, mpaka mpwa mmoja aliyekuwa jela Barbados. Akataja watu thelathini na wawili. Alban alikuwa amesimama nyuma yake, kamshikia mwavuli, na huyo wa mwavuli ndiye aliyesahauliwa. Binadamu ndivyo tulivyo, macho huona ng'ambo yasione kope zake.

Kesho yake saa sita Alban alikuwa dukani kwa Ma Titin, glasi ya ramu mkononi, katikati ya wanakijiji wenzake. Tangazo likasomwa hadi mwisho. Watu walimtazama Alban, halafu wakatazama vidole vya miguu yao. Alban akaiweka glasi chini ikiwa bado imejaa, akatoka, na jioni ile ile akavuka bahari kwenda Guadeloupe. Hata mazikoni hakuonekana. Hilarion alimwandikia barua nane, na zote nane zikarudi bila kufunguliwa.

Na Amelise je? Yeye alitajwa, lakini alivyotajwa! “Rafiki wa karibu wa familia, Amelise.” Wakati huo alikuwa amekaa na Hilarion miaka ishirini na mitano, amempikia, amemfulia, amezika naye watoto wawili waliokufa wachanga, ila kanisani walikuwa hawajafika, na redio ya mjini haikuwa na jina jingine la mtu kama yeye. Rafiki! Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Basi Hilarion alipomuoa hatimaye, miaka minne kabla ya kimbunga, wote wawili wakiwa na mvi, Amelise alikwenda altareni na jambo moja ambalo hakumwungamia padri: kwamba siku moja redio itamwita mke, visiwa vyote vikisikia. Na ili alisikie kwa masikio yake, ilibidi mwenzake ndiye atangulie kufa. Mungu amsamehe, hakuwa amelifikiria kwa ubaya.

Hilarion alikuwa mkaangaji wa unga wa muhogo. Alikuwa na sinia la shaba pana kuliko kitanda chao, ambalo kwa lugha ya huko huitwa platini, na kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa juu ya sinia hilo, watu walimwita Platini. Siku nyingine, akiwa anaugeuza unga kwa pala lake la mbao, moshi ukimtoa machozi, alikuwa akisema:

“Amelise, nikifa, Alban awe wa kwanza kwenye tangazo.”

“Wa kwanza? Kabla yangu mimi?”

“Kabla yako.”

“Mke gani hutanguliwa na shemeji yake?”

“Mke anayejua alipo. Wewe redio ya nini? Mimi nakujua, kijiji kinakujua. Alban ndiye hajui kama ana ndugu duniani.”

“Haya, wewe kufa tu. Nitakuandika nitakavyo, utafanya nini?”

“Nife vipi na unga haujakauka?”

Hapo walikuwa wakicheka wote wawili, na Hilarion akiendelea kugeuza unga wake. Lakini Amelise alijua kwamba mzaha wa mumewe ulikuwa juu juu tu, chini yake kulikuwa na mtu aliyekuwa hapati usingizi.

Kimbunga kilikuja Alhamisi moja ya mwezi wa tisa. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wamekipa jina, Rosamund, jina la bibi mstaarabu wa kualikwa chai. Kilianza alfajiri. Ilipofika saa nne asubuhi paa la jikoni lilikuwa limekwenda, mlango wa mbele umekwenda, na Amelise na mumewe walikuwa wamejibanza chini ya meza. Halafu ghafla upepo ukakoma. Jua likatoka. Ndege mmoja akalia mahali fulani. Watu wa huko wanajua hilo ni jicho la kimbunga, na kwamba nyuma ya jicho kuna nusu ya pili. Hata mtoto wa chekechea anajua. Hilarion naye alijua.

“Naenda kufunga kibanda cha platini. Dakika mbili.”

“Hilarion, kaa chini.”

“Dakika mbili tu, mke wangu.”

Upepo ulirudi kutoka upande wa pili kabla ya dakika mbili kwisha. Alasiri, mvua ilipopungua, Amelise alimkuta chini ya ukuta wa kibanda, kamba bado mkononi. Platini yenyewe ilikuwa imenasa juu ya mshelisheli, inang'aa.

Walimzika siku ya tatu kwa sababu ya joto. Jeneza halikuwapo, alivishwa pazia la sebuleni. Padri alikuwa upande wa pili wa kisiwa, barabara imeporomoka, kwa hiyo Ma Titin akaongoza sala akakosea katikati, na hakuna aliyemsahihisha. Wanaume wanne walibeba, wote viatu wamepoteza. Zabriko nzima ilizika watu tisa wiki ile, na hakuna hata mmoja aliyetangazwa. Mlingoti wa simu ulikuwa umelala baharini. Boti zilizokuwa gatini zilikuwa sasa kwenye mashamba ya migomba. Nje ya Zabriko hakuna aliyejua kama Hilarion Labadie amekufa, na Amelise aliona kama amemfukia paka wa mtu.

Redio iliyobaki kijijini ilikuwa moja, kidude kidogo cha betri ambacho Ma Titin alikiokoa ndani ya debe la mchele. Kila siku ikikaribia saa sita watu walikusanyika palipokuwa na duka lake, wakakaa juu ya matofali. Siku ya nne sauti ikasema matangazo ya vifo yamesitishwa kwa muda ili kupisha habari maalumu za kimbunga.

“Sasa ndiyo watatusema,” alisema Ma Titin.

Habari maalumu zilikuwa za Florida. Rosamund alikuwa njiani kuelekea huko, na redio ya mjini ilikuwa ikiunganisha matangazo ya stesheni ya ng'ambo, na mtu wao anatafsiri. Basi wakasikia. Walisikia maduka ya Florida yalivyoishiwa maji ya chupa. Walisikia jinsi ya kuvifunika viti vya bustani. Walimsikia mwandishi wa habari aliyesimama ufukweni akipiga kelele kwamba sasa anaanza kuhisi upepo, kwa hakika anauhisi upepo, na mtangazaji mwenzake aliyekuwa studioni akimsihi ajihadhari. Mwishoni kabisa, kwa pumzi moja, wakasikia: “Kabla ya hapo kimbunga hicho kiligusa visiwa vidogo kadhaa vya Karibi.”

“Kiligusa!” Ma Titin aliruka. “Mimi kimenigusa mpaka choo kimehama!”

Watu walicheka sana, kicheko cha watu wasiokula vizuri. Amelise hakucheka. Alikuwa anangoja saa sita, na saa sita ilikuwa imepita.

Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Florida iliufunika mji wao, na mji nao, uliokuwa na bandari, hoteli na ofisi ya waziri mkuu, ukaifunika Zabriko. Kila aliyekuwa na kipaza sauti alitazama mbele yake, na Zabriko ilikuwa nyuma ya kisogo cha kila mmoja. Siku ya saba Rosamund akapinda, akaikosa Florida, akaenda kufia baharini. Mtafsiri wa redio alikaribia kulia kwa furaha. “Tumenusurika!” akasema.

“Nani?” Amelise akakiuliza kile kidude. Kikampigia tangazo la sabuni.

Kwake nyumbani kulikuwa kumebaki chumba kimoja na nusu. Mchana alikuwa hajambo; kulikuwa na maji ya kuchota na mabati ya watu ya kurudisha. Kazi ngumu ilikuwa kunyamaza. Miaka thelathini na tisa alikuwa amezoea kusema ovyo mle ndani, chumvi imekwisha, kuku wa jirani tena, goti linaniuma, na mtu wa kuguna alikuwepo. Sasa alisema chumvi imekwisha, na ikawa imekwisha. Hakuwa na mtoto. Ndugu wa karibu aliyebaki duniani, upande wowote, alikuwa Alban, na Alban hajui. Pengine wakati huu huu anamnunia marehemu. Hilo ndilo lililomtesa kuliko paa: mtu kulinunia kaburi bila kujua.

Siku ya kumi na moja helikopta ikatua kwenye uwanja wa shule. Watoto walikimbia, wazee wakakimbia, Ma Titin naye akakimbia akiwa na kiatu kimoja. Wakashuka wazungu wawili, mmoja na kamera, na mwanamama wa mjini, Mwalimu Clarice, aliyekuwa amekodiwa kuwatafsiria. Hawakushuka na gunia lolote. Yule asiye na kamera alikuwa na picha, akawa anaonyesha kila mtu.

“Anauliza,” alisema Mwalimu Clarice, akitazama pembeni, “kama mmemwona huyu mbwa.”

Ilikuwa kweli. Kabla ya kimbunga kulikuwa na mashua ya matanga ya mume na mke, wazee wa kizungu, iliyotia nanga kwenye ghuba. Wenyewe walichukuliwa na meli ya kijeshi wakiwa salama, ila mbwa wao mwenye jicho moja aliruka majini akaelekea Zabriko. Dunia nzima ilikuwa inamwombea. Huko kwao, kwa maelezo ya Mwalimu Clarice, watu walikuwa wanawasha mishumaa.

“Mwambie mimi nimemzika mume wangu,” alisema Amelise.

Mwalimu Clarice akatafsiri. Yule mzungu akaweka mkono kifuani, akasema neno la upole, akauliza kama mama angependa kuzungumza mbele ya kamera.

“Itafika Guadeloupe?”

“Itafika kila mahali, mama.”

Amelise akaomba wamngoje. Alikwenda nyumbani, akavaa ile nguo ya ndoa ya rangi ya maziwa, ambayo maji ya kimbunga yalikuwa yameiachia michirizi ya udongo, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akarudi. Akasimama wima mbele ya kamera. Hakulia, kwa sababu msomaji wa redio halii. Akasema polepole kwa sauti ile ile ya saa sita:

“Tunasikitika kutangaza kifo cha Hilarion Labadie, ajulikanaye zaidi kwa jina la Platini, umri wa miaka sabini na moja, wa Ans Palmis, Zabriko. Alikuwa kaka wa Alban, aliyeko Guadeloupe. Alikuwa mume wa Amelise.” Akaendelea hivyo hivyo, wa Toronto, wa London, wa Martinique, hata yule wa jela, ambaye alishatoka. Alizungumza dakika sita. Mpiga picha hakuizima kamera hata mara moja, na alipomaliza alikuwa anajifuta macho. Watu wale hawakuwa wabaya. Amelise alilala usingizi siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu kimbunga.

Kisha akangoja. Alban hakuja, wala hakutuma neno. Wiki ya tatu boti ya kwanza ilipotengenezwa, Amelise alipanda kwenda mjini. Kwenye kituo cha boti kulikuwa na televisheni iliyofungwa juu ukutani, na alipoinua macho alimwona mbwa. Mbwa alikuwa amepatikana, wala si Zabriko, kwenye kisiwa kingine kabisa. Amevishwa utepe, anawalamba watu, na watu karibu nao wamlambe. Halafu, Amelise akashtuka, akajiona mwenyewe. Nguo ya maziwa, kitambaa cheupe. Mdomo wake ulikuwa unacheza ila sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mwanamume wa kizungu anayesimulia jambo kwa furaha. Alijisoma midomo. Pale ndipo alipokuwa anasema Alban. Picha ikakatika kabla hajafika kwenye mke, mbwa akarudi.

“Huyo si wewe, mama?” akauliza mwuza maji aliyekuwa karibu. “Wanasema nini?”

“Sijui,” alisema Amelise. “Nilikuwa nazungumza mambo mengine.”

Kwenye dirisha la redio kulikuwa na foleni mpaka barabarani. Alisimama kuanzia saa mbili. Zamu yake ilipofika, alimkuta karani mwanamke mwenye macho mekundu, nyuma yake godoro limesimamishwa ukutani. Amelise akampitishia karatasi yake, kurasa mbili pande zote.

“Mama,” karani alisema bila hata kuisoma, “matangazo yameanza tena, lakini tumepewa dakika kumi tu. Saa yote iliyobaki bado ni habari za kimbunga za ng'ambo na za wafadhili. Na nina waliokufa mia moja na arobaini. Nasoma jina, lakabu, umri, kijiji na ndugu mmoja. Basi.”

“Ndugu mmoja?”

“Mmoja. Wengine wote nawaweka kwenye wasiotajika. Watu wamenitukana tangu asubuhi, kama unataka kunitukana na wewe tukana, ila fanya haraka. Mimi mwenyewe nalala humu ndani.” Akachukua kalamu. “Kijiji?”

“Ans Palmis, Zabriko.”

Karani akainua uso. “Zabriko? Huko nako mmekufa?”

“Tisa.”

“Hata sikujua,” alisema karani, na sauti yake ikashuka. “Hakuna aliyetuambia. Pole sana, mama. Haya, ndugu. Kwa kawaida tunaandika mke. Mke yupo?”

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Amelise alilisikia neno hilo kabla halijaandikwa, alilisikia kwa sauti ya saa sita, linapita juu ya maji, linaingia dukani kwa Ma Titin, kila mtu kanyamaza. Mume wa Amelise. Kuna wanawake wanaotamani dhahabu. Yeye alikuwa ametamani maneno matatu tu, na yalikuwa kwenye ncha ya kalamu ya mtu aliyechoka. Nyuma yake mtu akasonya kumhimiza.

“Andika kaka wa Alban,” akasema.

“Kaka wa Alban. Basi?”

“Si umesema mmoja?”

“Na wewe uliyeleta tangazo ni nani wake? Nahitaji kwa ajili ya jalada.”

Amelise akaikunja karatasi yake ya kurasa mbili, akaitia kifuani.

“Rafiki wa karibu wa familia,” akasema, akatoka.

Tangazo lilisomwa siku ya pili yake. Amelise alikuwa amesharudi, amekaa juu ya tofali lake kwa Ma Titin. Habari za ng'ambo zilikula dakika mbili katika zile kumi, kwa hiyo msomaji alisoma mbio, anavuta pumzi mahali pasipostahili. Hilarion Labadie ajulikanaye kama Platini sabini na moja Ans Palmis kaka wa Alban na wengine wengi wasiotajika kwa wingi wao. Halafu marehemu mwingine. Wanakijiji walimgeukia Amelise, kisha wakatazama miguu yao, kama walivyofanya miaka kumi na minne iliyopita. Ma Titin alifungua kinywa.

“Shoga, wamekuruka!”

“Nimo kwenye wengine,” alisema Amelise. Akanyanyuka, akakung'uta vumbi la tofali, akaenda zake. Njiani hakuna aliyemfuata, maana watu waliona ni heshima kumwacha peke yake. Heshima nyingine ni mateso.

Wiki tano zilipita. Vijana walikuwa wameishusha platini kutoka kwenye mshelisheli, imebonyea upande mmoja, na Amelise akaiweka juu ya mawe uani, akaanza kukaanga unga mwenyewe. Hakuwahi kuruhusiwa kulishika pala lile Hilarion alipokuwa hai. Unga wake wa kwanza uliungua, wa pili ukaungua, wa tatu ukalika. Alikuwa kwenye wa nne, asubuhi moja, moshi umemzingira, aliposikia kitu kizito kimeanguka langoni.

Mwanamume mwembamba mwenye mvi alikuwa amesimama pale. Miguuni pake kulikuwa na mzigo wa mbao uliofungwa kwa gunia. Alikuwa anajipiga ishara ya msalaba, mara moja, mara mbili, huku akirudi nyuma.

“Alban?”

“Usinisogelee,” alisema Alban. “Kwa jina la Mungu, shemeji, nimekuja kwa heri. Ukitaka sala nitakusalia. Usinisogelee tu.”

“Una wazimu? Njoo ndani, jua kali.”

“Wewe si umekufa?”

Amelise akaliweka pala chini. “Nani kasema nimekufa?”

“Redio.”

“Redio ilinitaja mimi?”

“Haikukutaja! Ndiyo maana!” Alban akajipiga msalaba tena. “Nilikuwa nakula, shemeji, kwenye banda la wajenzi. Nikasikia jina la kaka. Nikajiambia sitasikiliza, nikaziba masikio, hivi, lakini vidole vikaacha nafasi. Nikasikia jina langu. La kwanza. Nikawa nangoja lako, nasema sasa watamtaja mke, sasa watamtaja mke. Halikuja. Niambie, mke asitajwe kwenye tangazo la mumewe, na yu hai? Imeshawahi kutokea wapi? Nikasema nyumba imewaangukia wote wawili. Nimekulilia siku tatu.”

“Umenililia?”

“Siku tatu. Nilifunga mlango wa chumba.”

Amelise alianza kucheka, mkono mdomoni, halafu kicheko kikageuka katikati na akajikuta anayapangusa machozi kwa upindo wa kitambaa. Tangu siku ya kimbunga hakuwa amelia. Alban alimkaribia hatua moja, akamgusa kiwiko kwa kidole kama anayepima pasi, akakuta ni moto wa mtu aliye hai.

“Ulinililia vizuri?” Amelise aliuliza.

“Vizuri, shemeji. Mwenye nyumba alikuja kugonga.”

Ndipo Alban akakumbuka mzigo wake, akauvuta nyuma yake kwa mguu, lakini Amelise alikuwa ameshauona. Alban alikuwa seremala tangu ujana. Amelise akainama, akalifungua gunia mwenyewe. Ilikuwa misalaba miwili ya mbao ngumu nyekundu, imepigwa randa ikalainika, maandishi yamechongwa kisha yakatiwa rangi nyeupe. Wa kwanza ulisema: HILARION LABADIE, PLATINI, KAKA WA ALBAN. Amelise akauweka kando. Wa pili akaushika kwa mikono miwili.

AMELISE LABADIE, MKE WA HILARION.

“Nipe niuchanje kuni,” alisema Alban kwa aibu. “Ni mkosi huo kukaa nao nyumbani.”

“Uache.”

“Shemeji, si vizuri.”

“Mkosi ulishapita hapa mara mbili kwa siku moja, Alban. Hauna la kuniambia.” Alipitisha kidole kwenye herufi, moja baada ya moja, mpaka akafika kwenye neno lile, akarudi mwanzo wake akalipitia tena. Hakuna redio iliyokuwa ikisikika. Kijiji chote kilikuwa kwenye shughuli zake, na aliyelisoma neno hilo alikuwa yeye peke yake, na mtu aliyemwandikia akidhani hayupo. “Umechonga vizuri,” akasema. “Umechukua muda?”

“Wako ulichukua muda kuliko wa kaka. Wewe hukunikosea.”

Amelise akauingiza msalaba ndani ya kile chumba kimoja na nusu, akauegemeza nyuma ya mlango, mahali pa kofia ya Hilarion, maandishi yakitazama kitanda. Halafu akatoka upesi kwenda kugeuza unga, maana ulikuwa umeanza kunuka kuungua, na Alban alikuwa hajala.